Niliulizwa "punda ni wa nani?" Maumivu ya mnyama na sheria yetu

Mwana wa Usangu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo lililonikaa kifuani tangu mavuno. Ni refu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga huku Ubaruku, Mbarali. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yanayoingia na kuyaandika daftarini, kwa hiyo kila mkokoteni unaofika husimama mbele ya meza yangu. Mwezi wa sita ulikuja mkokoteni wa punda wawili. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, pua imekaribia magoti. Nikasogea. Pale nira inapolalia, juu ya bega, ngozi ilikuwa imeisha. Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja changu, pembeni kimekauka na kuwa cheusi, katikati kibichi, na nyuzi za kamba ya manila zimezama ndani ya nyama. Inzi walikuwa wamejaa kuanzia kidondani hadi sikioni, na lile sikio halitingishiki. Nimekulia kwenye punda, najua punda hufukuza inzi hata akiwa amelala. Huyu alikuwa ameacha. Juu ya mkokoteni kulikuwa na magunia kumi na mawili, yote lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo.

Dereva ni kijana wa miaka kumi na sita hivi, analipwa kwa safari, punda si wake. Nilimwomba asubiri, akasema bado ana safari mbili na jua linazama. Nikaenda kwenye ofisi moja ya umma hapa jirani. Afisa alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza:

"Punda ni wa nani?"

Nikasema simjui mwenyewe.

"Kakuharibia kitu?"

Hapana.

"Sasa mlalamikaji hapa ni nani?"

Nilikosa jibu, nikaondoka. Tangu siku ile nimekuwa nikilisoma swali lake kila nikipata nafasi, kwa sababu nahisi ndani yake mna historia nzima ya sheria za wanyama duniani. Kwa karne nyingi sheria ilikuwa na swali hilo moja tu, mnyama ni mali ya nani. Ukimchinja ng'ombe wa jirani umemkosea jirani. Ng'ombe mwenyewe hayumo kwenye kesi.

Nilisoma falsafa miaka miwili seminarini kabla sijaacha, na madaftari bado ninayo. Immanuel Kant wa Ujerumani alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Alikataza ukatili, ila kwa hoja kwamba anayemtesa mnyama moyo wake huota sugu, na kesho atamtesa mtu. Yaani ukimpiga punda kosa lipo, lakini aliyekosewa ni sisi wanadamu. Jeremy Bentham wa Uingereza, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1789, alikwenda kwingine. Alisema tusijiulize kama mnyama anaweza kufikiri au kusema. Tujiulize kama anaweza kuumia.

Wakuu, hapo ndipo njia zinapogawanyika. Ukimfuata Kant, yule afisa yuko sahihi kuuliza ni mtu gani aliyedhurika. Ukimfuata Bentham, mlalamikaji yuko mbele yako na kidonda chake kiko wazi.

Na sheria ilifuata wazo, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1809 muswada wa kuzuia ukatili kwa wanyama ulipita kwa mabwana wa Bunge la juu la Uingereza, ukafia Bunge la chini. Mwaka 1822 mbunge Richard Martin, aliyetoka Galway kule Ireland, alifanikiwa kupitisha sheria ya kuzuia kuwatesa farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Faini haikuzidi pauni 5, na asiyelipa alifungwa hadi miezi 3. Martin mwenyewe alikuwa akiwapeleka watu mahakamani. Upo mchoro wa karne ile unaomwonyesha punda mwenye majeraha ameingizwa mbele ya hakimu ili vidonda vyake vionekane. Niliuona mchoro huo mtandaoni usiku mmoja nikamkumbuka wa kwetu.

Sasa swali langu kwenu: sisi Tanzania tuko upande gani? Maana tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Nimeisoma. Inamtambua mnyama kuwa kiumbe anayehisi. Haya maneno yamo ndani ya sheria ya nchi, si mahubiri. Imekuwaje hayajafika Ubaruku?

---

Mpura Mpunga

Mkuu nimekusoma hadi mwisho na sina ubishi na kidonda. Mimi ninao punda wanne hapa Chimala, wananisomeshea watoto. Nakwambia ukweli: hiyo sheria ikianza kufanya kazi kesho, atakayekamatwa ni yule kijana wa miaka kumi na sita. Tajiri aliyejaza lumbesa hatakuwepo barabarani. Mwenye mashine anayetaka mzigo ufike kabla ya saa kumi na mbili hatakuwepo. Sisi wa mkokoteni hatupangi uzito wa gunia wala bei ya safari. Nikikataa lumbesa, mwenye mzigo anamwita mwenzangu aliyesimama nyuma yangu. Ustawi wa punda uanzie kwenye ustawi wa anayemswaga.

---

Mwana wa Usangu

Mpura Mpunga, umenigusa, na mimi nimo kwenye hao wa mashine unaowasema. Nimeandika lumbesa daftarini miaka mitano bila kufungua mdomo.

Tazama jambo hili. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na sababu yake ni mkulima asipunjwe. Aliyeitunga hakuwa na bega la punda akilini. Lakini lile la ziada linaloshonewa juu ya gunia linambebesha punda pia, na linamwibia mkulima yule yule. Lumbesa ikiisha, mkulima na punda wanapona kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana sikubali tunapoambiwa tuchague kati ya mtu na mnyama.

Ila kuna mahali tusifichane. Kidonda kile hakikutokana na uzito peke yake. Kilitokana na nira mbaya na siku nyingi za kutokuangalia, na hilo halikumngoja tajiri.

---

Kalamu ya Sheria

Habari wakuu. Mimi ni mwanasheria, Mbeya mjini. Mleta mada, nikusaidie lile swali la afisa.

Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kumuua au kumjeruhi mnyama, lakini mnyama anayezungumziwa pale ni yule anayeweza kuibwa. Neno hilo limebeba kila kitu. Kosa limekaa pamoja na makosa ya kuharibu mali, na shabaha yake ni kumlinda mwenye mali. Afisa wako anaifikiria sheria hiyo bila kujua, kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

Sheria ya mwaka 2008 imegeuza meza. Pale mwenye mnyama mwenyewe anaweza kuwa mshtakiwa, kwa sababu wajibu wa kumtunza umewekwa juu yake na juu ya yeyote anayemshika. Imeweka wakaguzi wa ustawi wa wanyama na baraza la kushauri. Na kwa kuwa ni jinai, jibu la "mlalamikaji ni nani" ni jepesi: Jamhuri. Wewe ni mtoa taarifa tu, huhitaji kuwa na punda wala kudhurika.

Kipimo kinachotumika katika sheria za namna hii ni mateso yasiyo ya lazima. Watu hudhani "lazima" maana yake ni chochote kinachomletea mwenye mnyama faida. Sivyo. Mwaka 1889 huko Uingereza, katika kesi ya Ford dhidi ya Wiley, mfugaji alikuwa amewakata ng'ombe wakubwa pembe hadi kwenye shina. Utetezi wake ulikuwa kwamba wanakuwa rahisi kuwafuga pamoja na thamani ya kila mmoja inapanda. Majaji walikataa. Walisema lazima kuwe na lengo halali, na maumivu yalingane na lengo hilo. Faida ndogo ya fedha haiwezi kuhalalisha maumivu makali kiasi kile. Uamuzi huo hauwafungi mahakimu wetu, lakini kwa namna tulivyorithi mfumo wa sheria wa Waingereza, unashawishi.

Upeleke kwa punda wako. Kusafirisha mpunga ni lengo halali, hakuna anayebisha. Swali la mahakama lingekuwa: je, mpunga ungeweza kufika bila kile kidonda? Kama ungeweza, kidonda si cha lazima.

Na kuhusu kwa nini haijafika Ubaruku: sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021. Afisa wa kijiji angeisomea wapi?

---

Mtu wa Mafinga

Samahanini wandugu, lakini wakati mwingine tunakosa mizani. Kuna zahanati hazina dawa, kuna wajawazito wanabebwa kwa machela. Halafu tunaandika kurasa kumi juu ya punda. Sisemi ateswe, nasema kuna foleni, na binadamu yuko mbele.

---

Mwana wa Usangu

Kaka wa Mafinga, hoja yako naiheshimu, maana nami nimembeba mgonjwa kwa machela. Lakini huruma haiko kama debe la mahindi, kwamba ukimchotea huyu mwingine atapungukiwa. Mwaka 1824 pale London kilipoanzishwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, miongoni mwa waanzilishi alikuwemo William Wilberforce, yule yule aliyetumia maisha yake kupigania biashara ya watumwa ikomeshwe. Aliyezoea kusikia kilio kimoja alisikia na cha pili.

Halafu foleni unayoisema, mnyama hafiki dirishani hata siku moja. Kila nchi ina shida ya watu kila mwaka.

---

Binti Rungwe

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa Tukuyu na nina swali lililonisumbua nikiwasoma. Huku kwetu tunaye kipunji, nyani wa msitu wa Mlima Rungwe na Kitulo, na wengine wachache wako msitu wa Ndundulu kule Udzungwa upande wa Iringa. Wanasayansi walimtambua mwaka 2003 ingawa wazee walimjua zamani kwa jina hilo hilo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuwa takriban 1,100 tu, na duniani kote hayupo kwingine. Huyo ukimgusa utafungwa. Punda anaoza bega barabarani na hakuna anayestuka. Hivi si mnyama na mnyama?

---

Mwana wa Usangu

Marahaba binti, swali lako limenifanya niweke simu chini nikatembee kwanza.

Nadhani ni mawazo mawili tofauti yaliyozaa sheria mbili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu aina: kipunji wasiishe. Kipunji mmoja akivunjika mguu porini, sheria hiyo haina la kusema. Sheria ya ustawi inamwangalia mmoja mmoja: huyu aliye mbele yangu, anaumia? Punda wapo wengi, kwa jicho la uhifadhi si tatizo. Kwa jicho la ustawi, wingi wao haumpunguzii huyu mmoja kitu.

Angalia hata biashara ya ngozi za punda, zile zinazopelekwa China kuchemshiwa dawa. Serikali yetu ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana pale Addis Ababa kuuzuia bara zima. Nilifurahi sana. Lakini hoja iliyosikika zaidi ilikuwa kwamba punda watatuishia na wanakijiji watakosa usafiri. Ni hoja ya kweli, ila ni ya uhifadhi na ya uchumi. Tumemwokoa asiishe, hatujafika bado kwenye bega lake.

---

Mwinjilisti

Mleta mada, umetoka seminarini, basi nikuulize. Torati inakataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Lakini Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anauliza kama kweli Mungu anashughulika na ng'ombe hapo, naye anaigeuza amri kuwa ya wahubiri wapate ujira wao. Kwa hiyo si Kant aliyeanza.

Ustaadh wa Iringa

Naomba niongeze kutoka upande wetu. Tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Hata kuchinja tumeamrishwa kunoa kisu, mnyama asiumie zaidi ya inavyobidi, na kisu kisinolewe mbele ya macho yake. Hapo anayehesabiwa ni mnyama mwenyewe.

Mwana wa Usangu

Mwinjilisti, umenibana vizuri. Paulo ana jambo lake la kusema na wahubiri, nami simpingi. Lakini Mithali 12 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, na hapo hakuna mhubiri. Ustaadh, lile la kisu kutonolewa mbele ya mnyama nimelirudia mara tatu. Kumbe tumeambiwa zamani kwamba hata hofu yake inahesabika. Wenzetu wa Ulaya hofu waliiandika kwenye orodha juzi tu.

---

Kalamu ya Sheria

Orodha unayoisema ni ile ya uhuru tano, na niieleze maana imeingia hadi kwenye sheria yetu. Mwaka 1964 mwanamke Mwingereza, Ruth Harrison, alichapisha kitabu kuhusu kuku na ndama waliofungiwa kwenye vizimba bila nafasi ya kugeuka. Watu walichukia, serikali ikaunda kamati, na mwaka 1965 kamati hiyo ya Brambell ikasema mnyama wa shambani apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 ndipo zikaandikwa zile tano: asiwe na njaa na kiu, asikae pabaya, asiumie wala kuugua bila tiba, aweze kuishi kwa tabia zake za asili, asiishi kwa hofu na mateso. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kuku wa mayai visivyo na kiota wala pa kutua kuanzia 2012. Ujerumani tangu 1990 sheria yao ya madai inatamka wazi kwamba wanyama si vitu.

---

Mpura Mpunga

Sasa ndugu zangu mwisho wake ni nini? Tukikubali anaumia na anahisi hofu, si itabidi tuache nyama na punda tumwachie?

---

Mwana wa Usangu

Wapo wanaosema hivyo. Tom Regan wa Marekani, mwaka 1983, alisema mnyama ana haki zake na hafai kuwa chombo cha mtu yeyote. Peter Singer, mwaka 1975, alikazia kwamba maumivu ya mnyama yapewe uzito sawa na maumivu yale yale kwa mtu. Nimewasoma na wananinyima usingizi mara nyingine, sitawaambia nimewashinda kwa hoja.

Ila sheria yetu haijafika huko. Inaruhusu punda afanye kazi na ng'ombe achinjwe. Inadai kitu kidogo zaidi: katika kazi hiyo, asiumie pasipo sababu. Mpura Mpunga, sikuombi umwachie punda. Naomba umkague bega kila asubuhi kabla ya kumfunga.

---

Mzee wa Isimani

Vijana, nimewasoma wote. Nilikuwa bwana mifugo miaka mingi huku Isimani na Pawaga, sasa nimestaafu. Nawaambia kuhusu hiyo nira.

Nira imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, nira inaegemea hapo na anasukuma. Punda hana nundu. Punda anavuta kwa kifua. Ukimwekea nira ya ng'ombe, mzigo wote unasaga mfupa wa juu ya bega ambao una ngozi tu, hauna nyama. Hata umpakie nusu, kidonda kitakuja. Watu wanamwona punda mbishi, kumbe anakataa kusagwa.

Anachotakiwa ni mkanda mpana wa kifuani, upana wa vidole vinne au zaidi. Usitumie manila, inakata. Usitumie mpira wa tairi wenye waya ndani. Chukua turubai au gunia la katani ulikunje, ndani ushonee kipande cha blanketi kuukuu. Mkanda upite juu ya maungio ya mguu na chini ya koo. Ukipanda unamkaba, ukishuka unamzuia hatua. Kisha mkanda mdogo wa kuushikilia upite juu ya mgongo. Na blanketi lifuliwe, jasho likikauka linakuwa kama msasa.

Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake. Punda wetu wengi ni wa kilo 150 hivi, kwa hiyo ni kilo 50. Mkokoteni unabeba zaidi kwa sababu ya magurudumu, lakini tairi zikikosa upepo na njia ikiwa mchanga, hesabu inabadilika.

Punda hafichui maumivu upesi. Akilegeza masikio na kuacha inzi, amechelewa kukwambia.

---

Mwana wa Usangu

Shikamoo mzee wangu. Nimepiga chapa maneno yako.

Taarifa kwa wote: nimempata mwenye punda. Ni mama mmoja, amefiwa na mumewe mwaka juzi, punda aliwarithi na nira alinunua mnadani kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ikiuzwa. Punda wanalala kwa dereva, kidonda alikuwa hajakiona. Nilipompeleka akakiona, alivua kanga ya mabegani akaanza kufukuza inzi kabla hajasema neno.

Daktari wa mifugo amekisafisha na kukipaka dawa. Punda amefunguliwa kwenye mabua ya mpunga, hafanyi kazi kwa sasa. Fundi cherehani wa hapa ameshona mikanda miwili kwa kipimo cha Mzee wa Isimani. Ya kwanza ilikuwa fupi, tumerudia. Mwenye mashine nimeongea naye kuhusu lumbesa. Hajakubali, amesema tuzungumze baada ya msimu. Nitamkumbusha.

Kalamu ya Sheria, nina ombi. Naomba uniandikie kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, yale sheria ya 2008 inayomtaka mwenye mnyama na dereva, na ni nani wa kupelekewa taarifa. Nitaubandika ukutani juu ya meza yangu, wanaposimama kuhesabiwa magunia. Nakala moja nitampelekea yule afisa.

---

Kalamu ya Sheria

Ijumaa utaupata. Nipe ukubwa wa herufi utakaosomeka kutoka kwenye mkokoteni.